Jumanne, Saa Kumi

Jumanne, 7 Mei 2024

Mvua imeninyeshea njia nzima, lakini nimefika saa kumi kasoro dakika 5. Mtoto alikuwa amekaa juu ya gunia kizingitini, macho njiani. Aliponiona hakusema neno, akaingia ndani kuchukua daftari lake. Bibi yake ndiye aliyesema, "Nesi, tangu saa tisa hajatoka hapo."

Siandiki jina lake. Nimefanya uuguzi miaka 35, na najua jinsi daftari linavyosahaulika mezani likasomwa na asiyehusika. Humu ataitwa kijana wa Jumanne. Ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mama yake alijifungulia nyumbani, hakuwahi kupima, akafariki mtoto hajatimiza mwaka. Baba alifuata miaka minne baadaye. Analelewa na bibi mzaa baba, mwenye miaka 78, kwenye kibanja chao cha migomba na kahawa, mwendo wa dakika 40 kwa mguu kutoka kwangu hapa Kamachumu. Anameza dawa za kufubaza virusi tangu akiwa mdogo sana. Ameambiwa ni dawa za kifua.

Leo tumefanya sehemu. Kitabu kilimshinda, nikaomba kichane cha ndizi. Kilikuwa na ndizi 14. Nusu akaipata mara moja: 7. Nikamwuliza robo. Akazitazama muda mrefu, kisha akachukua kisu cha bibi yake, akakata ndizi moja katikati na kuweka kipande upande huu na kipande upande ule. "Tatu na nusu, Bibi Nesi." Nilimwita "mume wangu" kwa utani, akacheka akificha uso.

Bibi alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kama ilivyo ada, tukakaa tukitafuna huku maji yakichuruzika kwenye mabati. Nikaaga saa kumi na mbili. Mtoto akauliza, "Jumanne?" Nikamjibu, "Jumanne."


Jumamosi, 18 Mei

Kikao cha kikundi. Tuko 7: wauguzi wastaafu wawili, walimu watatu, fundi cherehani mmoja, na mzee wetu aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika enzi kahawa ilipokuwa kahawa. Hakuna aliye chini ya miaka 60, hakuna anayelipwa. Watoto tunaowatembelea ni 19. Afisa ustawi wa jamii anatujua kwa sura na ana orodha ya nyumba zote tunazoingia. Nilisisitiza hilo tangu siku ya kwanza. Mtu mzima anayezoea mtoto wa mwenzake bila mtu mwingine kujua, hata akiwa mwema, anafungua mlango wa hatari kwa asiye mwema.

Tumekumbushana taratibu. Kila mtoto ana siku yake na saa yake. Tunakaa uani au mlango ukiwa wazi. Hatupigi picha. Hatuahidi kitu ambacho hatujakishika mkononi.

Mwalimu mmoja ameleta hoja nzito: watoto hawa wanalala juu ya nyasi, je, godoro moja si bora kuliko ziara 20 za mzee asiye na kitu? Tumebishana karibu saa nzima. Mimi sisemi fedha hazina kazi. Nshamba, wilaya hii hii yetu ya Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee wanaolea wajukuu fedha kidogo za kila mwezi, na unapoingia kwenye nyumba ya aina hiyo unaona tofauti kuanzia chumvi hadi viatu vya shule. Zanzibar nayo tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alilima maisha yake yote. Huku Bara bibi wa kijana wangu alilima miaka 60 na anategemea malipo ya TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, na kahawa yake. Serikali ingemlipa, ningefurahi kuliko mtu yeyote.

Lakini wapo walioleta magodoro. Mtoto niliye naye alipewa godoro mwaka juzi, na bado hukaa kizingitini kuanzia saa tisa. Tumekubaliana kwamba anayeweza kutafuta godoro alitafute, ila siku yake ya ziara asiikose.


Jumapili, 16 Juni

Siku ya Mtoto wa Afrika. Sina amani, naandika ili nipate kulala.

Walikuja wageni kutoka mjini na gari mbili na kipaza sauti. Watoto walikusanywa uwanjani tangu asubuhi, hotuba zikaanza saa saba. Ulipofika wakati wa kugawa madaftari, kijana mmoja alishika karatasi akaanza kuita majina. Jina la tatu nilihisi baridi mgongoni. La tano nikajua. Orodha ile haikuwa ya yatima wa kijiji. Ilikuwa ya watoto wa kliniki yetu, ya wale wanaochukua dawa. Sijui ilimfikiaje. Nilikwenda mbele nikamshika mkono nikamwambia mwanangu, acha kuita. Akasimama, lakini alikuwa amekwisha kuita majina 9, na watoto 9 walikuwa wamepanga mstari mbele ya kijiji kizima, kila mmoja na daftari mkononi, wakipigwa picha.

Kijana wa Jumanne alikuwa wa saba. Alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili, hakutabasamu.

Wageni waliniambia nia yao ilikuwa njema. Naamini. Nimewataka majina ya waliopiga picha, na kesho nampelekea afisa ustawi maelezo kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa. Hali ya afya ya mtu ni siri yake. Hiyo ni sheria kabla ya kuwa adabu.


Jumanne, 2 Julai

Wiki ya tatu hakai kizingitini. Nimemkuta kwenye kahawa, akichuma na bibi yake, mikono imejaa utomvu. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo Bibi Nesi," kisha akarudi kwenye matawi. Nilichukua kikapu nikachuma upande wa pili wa mti uleule. Saa nzima hatukuzungumza. Robusta ya mwaka huu imezaa sana na bei imepanda kuliko tulivyozoea, kila mtu anachuma kwa haraka.

Nilihesabu vidonge vyake, kama ninavyofanya kila mwezi. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nikafurahi. Sikupaswa kuishia hapo.


Jumatano, 24 Julai

Nimeitwa kliniki. Majibu ya damu ya kijana yamerudi: wingi wa virusi ni nakala 41,000 kwa mililita. Katika kipimo cha mwaka jana havikuonekana kabisa. Muuguzi wa zamu, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, aliigeuza karatasi kuelekea kwangu bila kusema kitu. Wote wawili tunajua kusoma namba kama hiyo. Dawa haziingii mwilini.

Lakini vidonge vimepungua koponi sawasawa. Basi vinakwenda wapi?


Jumanne, 30 Julai, usiku

Bibi aliniambia leo jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. Zamani mtoto alimeza dawa ndani, redio ikianza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Siku hizi anatoka nayo nje, anasema anakwenda kunywa maji ya mtungini. Mtungi uko nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko kuna mgomba mmoja mnene uliokwisha kukatwa mkungu, magome yake makavu yananing'inia. Nikaingiza vidole kati ya gome na shina. Vidonge vinne vya kwanza, vimenata kwa umande. Nikavuta gome la pili. Nilivitoa kimoja kimoja nikavipanga kwenye kiganja, vingine vimevimba vikapasuka, vingine vimeota ukungu wa kijivu, vingine bado vinang'aa kama vilivyotoka koponi juzi. Vilikuwa 38. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa nikahesabu siku kurudi nyuma, ingawa nilikwishajua zingeangukia wapi. Alianza wiki ileile ya Siku ya Mtoto.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama penye kona ya jiko. Nilitaka kusema mengi. Nikamwambia tu, "Njoo ukae." Akakaa. Akaangalia vidonge mkononi mwangu, kisha akaangalia miguu yangu.

"Utamwambia Bibi?"

"Tutamwambia pamoja. Lakini kwanza niambie wewe. Kwa nini?"

Alifikiri. "Kifua changu hakiumi."

Tangu nimestaafu sijasikia jibu la mgonjwa lililonyooka kiasi hicho. Tumemdanganya mtoto, na mtoto ametumia akili yake juu ya uongo tuliompa. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, hatua kwa hatua, kabla hajaipata kwa njia nyingine. Niliufundisha mwongozo huo kwa wauguzi wengine. Kwenye nyumba hii niliuacha, kwa sababu bibi aliniomba nisiguse jambo hilo, nami nampenda bibi.

Usingizi hauji. Nakumbuka mtoto wa kike mwaka 1988, wodini, nikiwa bado muuguzi kijana. Mama yake alikuwa kwenye kitanda cha ukutani, anaisha. Mtoto alilala chini ya kitanda hicho juu ya kanga. Kila nikiingia zamu alinishika gauni, na kila nikitoka nilimwambia nitarudi kesho. Siku moja nilihamishiwa kituo kingine kwa barua ya asubuhi, gari likiwa linasubiri. Nilipanda. Sikurudi kumwambia. Mwezi mmoja baadaye mwenzangu aliniambia kwamba mtoto yule alikaa mlangoni kwa wauguzi siku nne, hata mama yake alipofariki alikuwa mlangoni pale.

Sijui aliko. Atakuwa na miaka 40 na kitu, kama yuko hai.


Ijumaa, 9 Agosti

Leo ameambiwa.

Tulikuwa wanne kwenye chumba kidogo cha ushauri: muuguzi kijana, bibi, mtoto na mimi. Muuguzi aliandaa vizuri. Alichora mwili, akachora askari wanaolinda mwili, akachora wadudu. Alipofika mahali pa kuwataja wadudu kwa jina, mtoto alimkatiza.

"Najua."

Tukanyamaza.

"Pale nje ukutani pameandikwa. Na mimi najua kusoma."

Mwaka mzima nimekuwa nikimsomesha, nikifurahia kila neno gumu analolifungua. Amekuwa akisoma mabango ya kliniki kila mwezi akisubiri zamu yake kwenye benchi. Ile Juni, majina yalipoitwa, alitazama nani wako kwenye mstari. Aliwajua wote kutoka kwenye benchi lile.

Bibi alianza kulia bila sauti. Mtoto akamgeukia. "Kwa nini mlisema kifua?"

"Niliogopa, mwanangu. Ungesema shuleni, wangekukimbia."

Mtu asiye wa Kagera anaweza kumhukumu bibi huyu haraka. Asifanye hivyo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla haujawa na jina la hospitali uliitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, baada ya vita vya Idi Amin. Watu walidhani ni laana ya biashara, ni uchawi wa wenyewe kwa wenyewe. Utafiti wa mwaka 1987 Bukoba mjini ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana virusi. Dawa za bure hazikuanza kutolewa nchini hadi mwaka 2004. Katikati ya miaka hiyo bibi huyu alizika watoto wake wawili, kisha akaja kumzika wa tatu, baba wa kijana huyu, wakati dawa zipo lakini aibu ilikuwa imemfungia ndani. Majirani waliacha kuteka maji naye. Ameokoa kile alichojua kukiokoa, ambacho ni siri.

Mtoto aliuliza maswali matatu. Nayaandika kama alivyoyauliza.

"Nitakufa lini?" Muuguzi alimjibu kwamba akimeza dawa kila siku anaweza kuzeeka kama Bibi Nesi. Akanitazama usoni kama anayepima urefu wa miaka hiyo.

"Nitaoa?" Nilimjibu mimi. Utaoa, na virusi vikishalala hutamwambukiza mkeo, na mtapata watoto wasio navyo.

La tatu lilichelewa. "Mama alijua?"

Hilo bibi ndiye aliyelijibu, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hakujua, mjukuu wangu. Angejua, asingekuachia." Mtoto akashika ile ncha ya kanga, hakuiachia hadi tulipofika njia panda.


Jumanne, 13 Agosti

Hakuzungumza leo. Tumechambua maharage, debe zima. Nilipoaga nilisubiri. Nimefika hadi penye mti wa mparachichi ndipo nikasikia nyuma yangu, "Jumanne?"


Jumanne, 27 Agosti

Baba mdogo amekuja kutoka Geita. Miaka sita hajakanyaga hapa. Bei ya kahawa imepanda, na ghafla amekumbuka kwamba marehemu kaka yake ana kibanja. Anasema anataka "kumtunzia mtoto" nusu ya chini, yenye kahawa nzuri, na kwamba mwanamke hana kibanja kwa mila ya Wahaya, hivyo bibi hana la kusema.

Nilimwita mzee wetu karani. Alikuja na shati jeupe na bahasha. Alimweleza baba mdogo kwa utulivu kwamba hoja hiyo ya mila iliwahi kufika Mahakama Kuu Mwanza. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza, mpwa wake akamshitaki kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ambayo mwanamume anayo haiendani na Katiba. Halafu akamwonyesha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mtu kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. "Kibanja ni cha mtoto," alisema, "na mama yako anakishika kwa niaba yake. Ukitaka kusaidia, njoo upalilie."

Kesho wanakwenda ofisi ya kijiji kuandikishana. Nimemsikia bibi akicheka kwa mara ya kwanza tangu Juni. Wastaafu wa nchi hii wamekaa na elimu kama ya huyu mzee, imefungwa kwenye bahasha kabatini, wakati jirani tu pana mtoto anayenyang'anywa shamba.


Jumanne, 1 Oktoba

Siku ya Wazee Duniani. Kikundi kilialikwa, kuna maandamano, fulana na chakula. Nimepeleka salamu. Saa kumi nilikuwa kwa kijana.

"Mwalimu amesema leo ni siku yenu," aliniambia. "Mbona hujaenda?"

"Leo ni Jumanne."

Akaingia ndani, akatoka na daftari. Lilikuwa lile la Juni. Nilidhani alilitupa. Kurasa za nyuma amepiga mistari ya penseli, mstari mmoja kila usiku baada ya kumeza dawa, kuanzia 9 Agosti. Tumehesabu pamoja: siku 53, mistari 51. Penye siku mbili ameweka duara tupu.

"Hapa nilisahau. Hapa nilikuwa na hasira."

Ningeweza kumsahihisha kuhusu zile mbili. Nilimwambia asante kwa kuandika ukweli, kisha nikamwuliza hasira ilikuwa ya nini. Kuna mvulana shuleni aliyekataa kukaa naye dawati moja. Tumekaa na jambo hilo hadi jua likazama. Wiki ijayo mwalimu mmoja wa kikundi chetu atakwenda kuzungumza na mwalimu wa darasa, bila kutaja ugonjwa wa mtu, kuhusu watoto kutengana kwenye madawati.


Jumatano, 20 Novemba

Senene wameshuka jana usiku. Kijiji kizima hakijalala, taa kila mahali. Asubuhi nilimkuta kijana na bibi uani wamekaa mbele ya ndoo, wananyonyoa. Vidole vyake ni vyepesi: anashika senene kwa mkono wa kushoto, anang'oa mbawa kwa mpigo mmoja, kisha miguu, anamtupia bakulini kabla wa pili hajaruka. Mimi vidole vyangu vimekuwa vizito, nilifanya mmoja yeye akifanya wanne.

Nilikuja siku isiyo yangu kwa sababu ya majibu. Nilitaka aambiwe yeye mwenyewe, kliniki, na muuguzi wake, kwa hiyo sikusema kitu hadi tulipofika. Muuguzi aligeuza karatasi kuelekea kwake, si kwangu. "Soma."

Akasoma. "Chini ya 50." Akainua macho. "Ni chache?"

"Wamelala," muuguzi alimwambia. "Umewalaza wewe."

Njiani hakusema lolote, ila alitembea mbele yangu, na mara mbili aligeuka kuangalia kama ninamfuata. Nyumbani bibi alikaanga senene na kitunguu, akanifungia nusu kwenye jani la mgomba.


Jumanne, 3 Desemba

Goti limeamua. Nakwenda Mwanza kwa matibabu, na daktari amesema nisitembee milima kwa wiki 6. Ni Jumanne 6. Nimemwambia kijana leo, mapema, mbele ya bibi yake, na nimekwenda na mwenzangu atakayeshika nafasi yangu ili amwone kwa macho. Ni mwalimu aliyestaafu mwaka huu, mwanachama wetu wa 8. Mtoto alimsalimia kwa heshima na hakumpa daftari. Ni haki yake.

Mwenzangu, nakuachia ukurasa huu uusome kabla hujaenda.

Kliniki yake inayofuata ni Jumatano, 18 Desemba. Bibi hawezi mwendo huo, nenda nao kwa bodaboda, nauli nimemwachia fundi cherehani. Kabla ya kliniki ale, akienda na njaa anatapika. Hesabu vidonge, lakini muulize pia, na akikujibu amekosa siku usimgombeze. Sehemu anazijua, sasa anasumbuliwa na desimali. Ukikwama tumia ndizi. Mwite "mume wangu" ukiwa uani kwa bibi yake, si mbele ya wenzake wa shule. Akinyamaza, tafuta kazi mnayoweza kufanya wote wawili kwa mikono, ukae. Ukipewa kahawa za kutafuna, pokea. Baba mdogo akirudi na maneno ya kibanja, nakala ya maandikiano iko kwa mzee karani.

Wakija wageni wa mjini na kamera, simama mbele yake.

Atakuuliza "Jumanne?" utakapoaga. Usijibu kama huna hakika. Ukijibu, fika. Atakuwa kizingitini tangu saa tisa, nawe fika saa kumi.